Sabuni Yenye Uvivu

Kwenye ibada ya kumuaga Mutua, mwaka wetu ulipewa sentensi moja. Aliyesoma wasifu alikuwa injinia kijana mwenye suti iliyombana mabegani. Alitaja shule ya msingi, akataja sekondari, akataja chuo, kisha akasema, "Baada ya hapo marehemu alitafuta kazi kwa muda," akameza mate na kurukia kiwanda cha sukari. Alitafuta kazi kwa muda. Mimi na Atieno tulikuwa tumekaa benchi moja karibu na dirisha, na kiwiko chake kikanigonga mbavuni. Nilijua anataka kucheka na kulia kwa pamoja, maana hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Wakafuata vijana wengine wa kazi yetu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akaja na neno lile lile: kwamba Mzee Mutua, kiwanda kikigoma, alikuwa akiingia, anavua koti, halafu anauliza, "Tumezidisha nini?" Watu wengine huuliza nini kimeharibika au nini kimepungua. Yeye aliuliza tumezidisha nini. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima, na mwendesha ibada akasema hiyo ni hekima ya kuzaliwa nayo. Wapi. Hakuzaliwa nayo. Ilitoka kwenye pipa la plastiki la rangi ya bluu, Kariobangi, na mimi nilikuwepo nimeshika mwiko. Kanisani nilinyamaza, mgeni ni mgeni. Hapa hakuna wa kunionyesha saa yake, kwa hiyo nitasema.

Habari za kwetu Majengo nitaziacha, kila mtu ana kwao. Nianzie chumbani. Tulipomaliza chuo, mimi na Mutua, kila mmoja na digrii yake ya uhandisi wa kemikali, tulipanga chumba kimoja cha juu kabisa kwenye ploti moja ya Kariobangi, pale karibu na mafundi wa jua kali. Chini yetu waligonga vyuma tangu asubuhi, mageti na masanduku na meko, hata tukajifunza kuzungumza katikati ya nyundo mbili. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, stovu ya mafuta ya taa, na dirisha lililotazama mabati ya jirani. Ukutani Mutua alikuwa amepachika mchoro wa mtambo wa kusafishia mafuta ghafi aliouchora mwenyewe kwa penseli, mahali ambapo vijana wengine huweka picha ya mchezaji mpira. Kazi hazikuwepo. Tulikuwa tunatarmaki, kama wasemavyo watu wa Nairobi, yaani kukanyaga lami ya mjini mchana kutwa na bahasha ya vyeti kwapani, kutoka lango la kiwanda hiki hadi lango la kile, na askari wa langoni anakuuliza kwanza kama umebeba sigara. Jioni tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya Wakamba, ambayo Mutua aliletewa kutoka kwao na ambayo huchukua muda mrefu kuiva kuliko subira ya Mswahili. Ijumaa nilileta pilau ya nyumbani kwa bakuli, na hapo Mutua alikuwa akiniita ndugu yake wa damu.

Mtu wa tatu alikuwa Atieno, mwenzetu wa darasa, aliyekaa kwa dada yake Umoja. Alikuja kwa miguu karibu kila asubuhi, na sauti yake ilimtangulia ngazini. "Niaje wasee, mmelala ama mmekufa?" Kama ana chapati aliziweka mezani, kama hana alikula zetu. Atieno alikuwa na mdomo mkali na akili kali zaidi, na hakupenda kudanganywa hata na kitabu. Ndiye aliyesema siku moja, tukiwa na sahani magotini, kwamba kosa letu lilikuwa kusomea kitu kisichoonekana. "Injinia wa barabara ana daraja, anaonyesha watoto wake. Wa stima ana taa. Sisi tuna nini? Nani anajua jina la injinia wa kemikali hata mmoja, duniani kote?" Tukatafuta jina. Tukawataja maprofesa wetu, akasema hao hawahesabiki. Mutua alitafuna muthokoi wake polepole, kisha akasema, "Kila mtu hapa ploti amepiga mswaki leo. Kuna mtu alikaa mahali akafikiria povu la hiyo dawa liwe kiasi gani. Simjui jina, lakini ningetaka kujua alifikiriaje." Ndivyo alivyokuwa. Mimi nilitaka kazi na Atieno alitaka haki. Mutua alitaka kujua, na njaa haikumtoa huko.

Ploti yenyewe haikutuelewa. Mama Mutheu, aliyekuwa mwangalizi wa nyumba na pia muuzaji wa chai na mandazi pale langoni, alituuliza wiki ya kwanza kama sisi ni madaktari.

"Hapana, mama," nikasema. "Tumesomea uhandisi wa kemikali."

"Sawa. Basi nipeeni kemikali ya panya."

"Hatutengenezi sumu, mama," Mutua akamwambia.

"Basi ya nywele."

"Hata ya nywele hatuna."

Akatutazama kwa huruma ya kweli. "Na mlikaa huko miaka yote hiyo. Wazazi wenu wanajua?"

Nadhani ni huruma ile ya Mama Mutheu iliyotuingiza kwenye sabuni, maana tulichoka kuonewa huruma. Sabuni ya maji ndiyo kwanza ilikuwa ikiingia mitaani kwetu, ya kuoshea vyombo na nguo, na kila mtu alikuwa akiitengeneza. Unanunua ungarol, ule uji mzito mweupe wa kutoa povu, unaukoroga na maji kwa mwiko wa ugali, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, unatia chumvi polepole, na sabuni inaanza kuwa nzito. Rangi na marashi ni mapambo. Chumvi ndiyo siri, na ni siri ambayo Eastlands nzima inaijua: sabuni ikiwa nyepesi, ongeza chumvi. Sisi tukajiambia tutaifanya kisomi. Tukaazima mizani ya dukani, tukapima kila kitu gramu kwa gramu, ungarol gramu kadhaa, chumvi gramu kadhaa, tena tukipunguza siku ya jua na kuongeza siku ya baridi. Maji tuliyatoa kwenye mfereji wa ploti. Kwenye hesabu zetu zote maji yalikuwa maji tu, hatukuyapa hata mstari wake.

Mteja tuliyemlenga alikuwa Mzee Abdi, muuzaji wa jumla kule Isili, ambaye duka lake lilianza na mikeka likaishia na birika na katikati mtu angeweza kupotea. Mzee Abdi alikuwa na mizani yake isiyohitaji gramu. Ukimpelekea sabuni kwenye chupa, anaifunga vizuri, anaipindua ghafla kichwa chini miguu juu, kisha anasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayekaa kula, "Bismillahi rahmani rahim," huku akitazama kiputo cha hewa kikipanda ndani ya chupa. Kiputo kikifika juu kabla hajamaliza, amekukataa. Alitukataa mara nyingi mwanzoni, bila hasira.

"Wewe kijana, hii sabuni yako iko na haraka," aliniambia. "Sabuni ya haraka inamwagika, chupa inaisha, mama anarudi hapa anasema Abdi mwizi. Mimi nataka sabuni iko na uvivu."

Tukarudi Kariobangi kutafuta uvivu. Ndoo baada ya ndoo, na Mutua akijizoeza Bismillah yake kwa chupa mkononi, yeye mtoto wa kwaya ya kanisa, akiisema kwa lafudhi ya Machakos mpaka nikamkataza kuikimbiza ili kuisaidia sabuni. Hatimaye tukapeleka chupa ambayo kiputo chake kilikuwa hakijafika hata katikati Mzee Abdi alipomaliza. Akaipindua tena ili ahakikishe. Akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Hii ni mvivu kama shemeji yangu," akasema. Kisha akaacha kucheka. Alitaka pipa zima kabla ya mfungo wa Ramadhani, wateja wakianza kujaa. "Ikija kama hii, mtaniletea kila wiki. Ikija maji, msirudi hapa. Mimi sina hasira, lakini msirudi."

Sasa niseme kilichokuwa kinatungoja, kwa sababu bila hicho pipa ni pipa tu. Mutua alikuwa na mjomba, mchonga vinyago, mwenye kibanda cha kazi upande wa Gikomba. Alichonga twiga, na alichonga vizuri. Jumamosi Mutua alikwenda kumsaidia kupiga msasa, na nilikuwa nikienda naye wakati mwingine kwa sababu ya harufu ya mti mbichi na mazungumzo ya wazee. Mjomba yule hakuwa mtu mbaya. Macho yalikuwa yakimsumbua, alihitaji mikono ya damu yake, na kwa maoni yake miaka ya chuo ilikuwa imeshaonyesha matunda yake yote. Mutua alimwahidi. Alitueleza mimi na Atieno siku tuliponunua pipa la bluu, akiwa amelikalia. "Mvua za vuli zikianza, nisipokuwa na kazi, ninaingia kwa mjomba. Pipa hili likikubali, hii ni kazi, nitabaki. Likikataa, vyeti vinaingia chini ya godoro na sitaviangalia tena. Sitaki kuwa injinia wa mdomo."

"Acha ujinga," Atieno akasema. "Hata mimi na Salim hatuna kazi na hatuendi kuchonga twiga."

"Nyinyi mtapata. Mimi nimechoka kungoja langoni."

Niliogopa, na sikumficha mtu. Kati yetu watatu yeye peke yake ndiye aliyeipenda kazi ile hata bila mshahara. Mimi ningeweza kuwa karani nikalala vizuri. Yeye angechonga twiga wazuri sana na angekufa kidogo kidogo.

Wiki ya pipa, mifereji ya Kariobangi ikakauka. Si jambo geni, maji yakienda huenda, na wenye mikokoteni hupata siku zao. Walituletea mitungi kutoka kisima cha kuchimbwa, na sisi tukashukuru kupata maji, tukayamimina pipani bila kuuliza. Tulikoroga uani asubuhi, ploti nzima ikitazama, maana watu hawakuwa wamewahi kuona digrii tatu zikizunguka pipa moja. Ungarol ikayeyuka vizuri. Tukatia chumvi yetu iliyopimwa. Sabuni ilikuwa nyepesi. Tukangoja, ikabaki nyepesi. Mutua akachota kwa chupa, akaipindua, na kiputo kikaruka juu hata kabla ya "rahmani".

"Ongeza chumvi," akasema fundi wa mageti, ambaye alikuwa ameacha nyundo ili ashuhudie.

Tukaongeza. Ikawa nyepesi zaidi. Tukafikiri haijachanganyika, tukakoroga mpaka mabega yakauma, tukaongeza tena. Mama Mutheu akasema mkono wa Salim una joto, apishe mwingine. Nikapisha. Kila mtu alikuwa na ushauri na ushauri wote ulikuwa chumvi, na aibu yenyewe ni kwamba sisi pia hatukuwa na ushauri mwingine. Kufika adhuhuri pipa lilikuwa na maji ya bluu yenye povu juu, ukiyachota yanamwagika kama chai ya rangi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama wanavyotoka kwenye nyumba yenye ugomvi. Mutua aliosha mwiko, akausimamisha ukutani ukauke. "Basi," akasema. Jioni ile alikunja mashati yake, akaubandua mchoro wa mtambo ukutani, akauviringa na kuufunga kwa uzi. Hatukupika.

Kulipokucha mvua ilikuwa inanyesha. Mvua yenyewe, ya vuli, ikipiga mabati hata nyundo za chini zikanyamaza. Mutua akaitazama kutoka dirishani, akaniangalia, akainua mabega. Ahadi ni ahadi. Aliuweka mkoba wake mlangoni, tukashuka kunywa chai ya mwisho kwa Mama Mutheu chini ya turubai lake. Atieno alikuwa ameshafika, amelowa, na safari hii hakutuuliza kama tumelala ama tumekufa. Tulikunywa tukitazama pipa letu uani, likiwa limefunikwa kwa gunia. Pembeni yetu kulikuwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amepiga funda moja na kuisogeza gilasi mbali na uso wake.

"Mama Mutheu, leo umechanganya? Hii chai umetia chumvi."

"Usinianze asubuhi," Mama Mutheu akasema. "Hiyo chumvi si yangu, ni ya maji. Tangu waanze kutuletea hayo maji ya kisima hata uji unakataa. Kunywa hivyo hivyo, utazoea."

Nilisikia maneno hayo kama mtu anavyosikia malalamiko ya kila siku. Nilikuwa nimekunywa chai ile ile wiki nzima na kuilaumu sukari. Mutua alikuwa ameinua gilasi nusu ya njia kwenda mdomoni, akabaki nayo hapo hapo. Akaonja, kidogo tu, kwa ncha ya ulimi. Akaonja tena. Halafu akamgeukia Mama Mutheu na kumwomba gilasi zote alizokuwa nazo.

"Zote? Na wateja?"

"Nitaziosha mwenyewe, mama."

Nikamwambia, "Mutua, mjomba wako anakungoja." Sikutaka kumfukuza. Nilikuwa nimeshalia moyoni na sikutaka kuanza upya. Akanijibu bila kunitazama, akipanga gilasi kwenye sinia. "Najua. Nataka kujua tu, kisha niende."

Aliweka beseni chini ya mfereji wa paa na kukinga maji ya mvua. Akazipanga gilasi kwenye ukuta mfupi wa veranda, akatia kila moja ungarol ile ile kidogo iliyobaki na maji yale yale ya mvua. Kisha chumvi. Ya kwanza hakuitia, ya pili akatia chembe, ya tatu zaidi, na hivyo hivyo akaenda mpaka ya mwisho ilipopata kijiko cha kujaa. Tulikoroga sote watatu, kila mtu na kijiko chake cha chai. Kisha akaanza kuzilaza moja moja kwa kidole. Ya kwanza ilikimbia. Ya pili ikakimbia kidogo. Ya tatu ikajivuta. Iliyofuata ilikuwa nzito kama asali ya Ukambani na haikutaka kutoka. Mimi nikafikiri basi, sasa itakuwa jiwe. Akalaza iliyofuata. Ikajivuta. Iliyofuata ikakimbia. Ya mwisho, yenye chumvi kuliko zote, ilikuwa maji, maji kama yale ya pipa letu.

Mvua ilikuwa inanyesha na dereva wa lori alikuwa amesimama nyuma yetu na chai yake. Uzito wa sabuni ulipanda, ukafika kilele, ukateremka. Tulichora michoro ya umbo hilo miaka mizima darasani na hatukuwahi kuishika mkononi.

"Kumbe tulipita kilele," Atieno akasema kwa sauti ndogo. "Maji yalikuja na chumvi yake. Tukatia yetu juu. Halafu kila tulipookoa, tulikuwa tunazamisha."

Mutua alikuwa anatabasamu, na lilikuwa tabasamu ambalo baadaye nililiona kwenye magazeti, akiwa na kofia ya kazi kichwani. "Jana siku nzima tuliuliza nini kimepungua," akasema. "Tungeuliza tumezidisha nini."

Sasa fikiria kazi iliyokuwa mbele yetu. Tulitakiwa kuponya sabuni iliyo maji kwa kuitia maji. Tulihamisha nusu ya pipa kwenye ndoo na sufuria za ploti nzima, tukaanza kumimina maji ya mvua, na kicheko kilichotoka kwenye ngazi sijakisahau. Fundi wa mageti alisema sasa wasomi wamechanganyikiwa rasmi. Mama Mutheu alifunika macho kwa leso. Mutua alimimina, mimi nikakoroga, upande mmoja bila kurudi nyuma, na Atieno akipima kwa gilasi. Kwa muda hakuna kilichobadilika na nikaanza kuogopa upya. Halafu mwiko ukaanza kuwa mzito. Nilihisi kwenye kifundo cha mkono kabla ya kuona kwa macho, kitu kimeushika mwiko kutoka chini. Nikaenda polepole. Uso wa sabuni ukaacha kuchezacheza, ukatulia, ukaanza kufuata mwiko kwa mikunjo. Kicheko cha ngazini kikapungua, kikaisha. "Yesu," Mama Mutheu akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza. Mimi nilikuwa nalia na nikasingizia mvua.

Mzee Abdi aliipindua chupa siku ya pili, dukani kwake, kati ya mikeka na birika. Alisema Bismillah yake na niliona midomo ya Mutua ikiisema naye, mwanakwaya yule, macho yakiwa kwenye kiputo. Kiputo kilikuwa bado kinajinyoosha. "Kila wiki," Mzee Abdi akasema, akaenda kumhudumia mtu mwingine. Kutoka pale Mutua alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake na chupa nyingine, nami nikamfuata ili nisikie. Alimweleza yote, kilele na kuteremka na maji ya mvua. Mjomba aliipindua chupa, akaisogeza karibu na macho yake mabovu. "Mimi nikizidisha kukata, mti umekwenda, siwezi kuurudisha," akasema. "Hiyo yenu mlizidisha na ikarudi?" Mutua akasema ilirudi. "Basi kaa huko, mwanangu. Huko kuna msamaha." Akaendelea na twiga wake.

Mengine ndiyo yale yaliyosomwa kanisani. Kabla mwaka haujaisha kiwanda kimoja kilifungua lango, kisha kingine. Sabuni tulimwachia Mama Mutheu, ambaye aliipika kwa maji ya mvua tu na kuwaambia watu ni agizo la madaktari. Atieno aliingia kwenye visima vya mvuke kule Bonde la Ufa, akaenda ng'ambo, akawa mtu wa kupigiwa simu na mataifa, na mpaka leo hakuna anayejua jina lake kule Umoja, jambo ambalo humfurahisha. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha ngozi, nikanuka ngozi, kisha nikafundisha. Mutua alizunguka: sukari, maziwa ya unga, mwishowe maji. Watu hushangaa kwa nini mtu wa hadhi yake alimalizia kazi kwenye visima vya sehemu kavu, akiyatoa maji chumvi. Mimi sijawahi kushangaa. Chai ya Mama Mutheu ilimkaa ulimini maisha yake yote.

Nilimtembelea hospitalini mwezi huu. Alikuwa amepungua sana, lakini macho yalikuwa yale yale ya siku ya gilasi. Juu ya meza ya kitanda kulikuwa na chupa ya dawa ya kusafishia mikono, ile nzito isiyo na rangi. "Salim," akasema, "pindua hiyo chupa." Nikaipindua. Kiputo kikaanza safari yake na sisi wazee wawili tukakisindikiza: Bismillahi rahmani rahim. Hakikufika popote. Nesi alitutazama akaamua kutouliza.

"Uvivu upo," Mutua akasema. "Lakini si chumvi. Ndani mna pombe kali, chumvi haiwezi. Wameifanyaje nzito?"

"Sijui," nikasema. "Mimi ni mtu wa ngozi. Pumzika."

"Nataka kujua tu," akasema, akafumba macho, "kisha niende."

Nilisikia maneno hayo nikayapita. Nilikumbuka niliyasikia wapi nilipokuwa nimeshafika nyumbani, nimeshika mlango. Nikampigia kijana mmoja niliyemfundisha ambaye sasa hutengeneza vitu hivyo, akanieleza kwa kirefu. Kesho yake nilikwenda hospitalini na jibu langu, nikiwa nimelipanga vizuri kichwani jinsi nitakavyomtania kwanza, na kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Ndiyo maana kanisani, walipotuita kwenda kumtazama kwa mara ya mwisho, sikupita haraka kama wengine. Atieno alikuwa mbele yangu, akamgusa koti, akaenda. Mimi nikainama. Walikuwa wamemvalisha tai, kitu alichokichukia. Nyuma yangu foleni ilinisukuma na yule kijana wa suti akanong'ona kwamba muda umekwisha, mzee.

"Ni unga mweupe, Mutua," nikamwambia. "Mwepesi kama poda. Ukiutia majini peke yake haufanyi kitu. Ukipata tone la maji ya magadi unavimba, unashika kila kitu. Na huo nao, ukizidisha magadi, unarudi kuwa maji." Nikamwekea tai yake vizuri. "Haya. Sasa nenda."